Soda, askari au mwanajeshi: tuandike lipi?

Himbi, Goma: Anayeandika habari za jeshi kwa Kiswahili cha Kivu aandike "basoda", kama tunavyosema mitaani, au "askari" wa Dar es Salaam? Mimi natetea soda. Si neno bovu. Ni "soldat" ya Kifaransa: t ya mwisho Wafaransa wenyewe hawaitamki, na l imeanguka kwa sababu silabi zetu hupenda kuishia na irabu.

Kadutu, Bukavu: Ndugu, msomaji wa Kigoma akikuta "soda wawili wamejeruhiwa" atasimama hapo hapo, maana kwake soda ni kinywaji, kile ambacho huku tunakiita sucré. Askari ni neno la zamani na linaeleweka kote: Kiarabu askari, mtu wa askar, yaani jeshi. Wengi hulihusisha na lashkar ya Kiajemi. Waafrika wa jeshi la Wajerumani, ambao Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, iliwatoa Tabora Septemba 1916, waliitwa askari.

Himbi: Na soda je, ni changa? Kilingala, lugha ya jeshi letu, nacho kinasema soda, basoda.

Kamalondo, Lubumbashi: Hapo tuwe waangalifu, Himbi. Hiyo "ba-" haithibitishi kwamba neno limepitia Kilingala, maana Kiswahili chetu nacho kinasema batu, batoto. Chimbuko lenyewe ni mbali zaidi: soldat imetoka soldato ya Kiitaliano, nayo soldo, sarafu, iliyotoka solidus, sarafu ya dhahabu ya Konstantino, kaisari wa Roma, katika karne ya 4. Soda ni mtu anayelipwa ili apigane. Katika nchi ambamo mshahara wa mwanajeshi ni hoja ya kila siku, maana hiyo si ndogo.

Ila Kadutu, askari wako ana kasoro kubwa. Tanzania kuna askari polisi, askari magereza, hata mlinzi wa geti ni askari. Ukiandika "askari wamefyatua risasi", nani aulizwe? FARDC, jeshi la taifa la Kongo, iko chini ya wizara ya ulinzi, polisi chini ya mambo ya ndani. Andika "mwanajeshi", kisha taja jeshi lake. Ukiacha jina la jeshi, huku mashariki kosa linarudi lile lile.

Kadutu: Kwa habari, nakubali, mwalimu. Na nukuu ya shahidi?

Kamalondo: Usiiguse. Akisema "basoda balipita", acha basoda balipite. Ukigeuza kuwa "askari walipita" umempa shahidi neno ambalo hakulisema, na huenda msomaji akadhani ameona polisi.

Himbi: Basi na kamusi za shule ziliingize soda, pamoja na wingi wake wote, basoda na masoda.

Kadutu: Kamusi, sawa, likiandikwa kuwa ni la Kongo. Kitabu cha darasa la tatu, hapana. Hapo bado nashika mwanajeshi.