Lion's Head ya Cape Town, mama anayeogopa kimo atafika?

Wakuu, nataka kumpandisha mama Lion's Head tukiwa na mwongozaji, ni mita 669 tu ila karibu na kileleni kuna minyororo na ngazi za chuma, ataweza kweli?

— Ataweza mkuu, hapo kwenye minyororo kuna njia ya kuzunguka, mwambie mwongozaji mapema awapitishe huko.

— Anzeni alfajiri, jua likishapanda kivuli hamna. Mi nilikumbatia jiwe viganja vinatoka jasho, mwongozaji ananiambia weka mguu hapa, haya sasa hapa, kugeuka naona Table Mountain huku na Robben Island kule baharini, nililia jamani. Upepo ukizidi shukeni tu.

— Asanteni sana, leo namtafutia raba zisizoteleza.