Tupeane uzoefu: michezo ya shuleni ilikupa nini?

Ndugu zangu, nafundisha hisabati katika shule ya msingi hapa Jinja, Uganda, na kila mwaka huniuma kuona watoto wa darasa la saba wakinyimwa kipindi cha michezo kwa sababu mtihani wa kumaliza shule unakaribia. Tangu 2020 mtaala wa sekondari ya chini umeyafanya mazoezi ya viungo kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, sawa na Kiswahili chetu, lakini mtoto aliyekalishwa kwenye dawati mwaka mzima kabla ya kufika huko amekwisha kupoteza mengi.

Nianze mimi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyetetemeka kila alipoitwa ubaoni. Jioni moja nilimkuta chini ya mwembe akicheza omweso, mchezo wa kete unaofanana na bao. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huzoa kete zote za shimo moja na kuzigawa mojamoja katika mashimo yanayofuata, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzizoa hizo nazo na kuendelea, hivyo kabla hajagusa chochote yampasa aone kichwani mkono wake utakapoishia. Kijana yule aliyekuwa akishindwa kugawanya kwa chaki aliyaona hayo yote bila kukosea. Nikaanza kumfundisha kugawanya na mabaki kwa kete zilezile, na baada ya muhula mmoja alikuwa akinyoosha mkono mwenyewe. Wenzangu, ninyi mlipata nini?

*Mama, Busia:*
Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa na kigugumizi, na darasani nilinyamaza ili nisichekwe. Katika mpira wa pete mtu haruhusiwi kukimbia na mpira, wala kukaa nao zaidi ya sekunde tatu, kwa hiyo asiyeita hapewi, na mwenye mpira asipoitwa hana wa kumtupia. Nililazimika kuita. Majina ya wenzangu yalinitoka kwa sauti kubwa uwanjani miezi mingi kabla sijaweza kusoma aya moja mbele ya darasa, na ninaamini kwa dhati kwamba la pili lilitokana na la kwanza.

*Mzazi, Mbale:*
Nilimkataza mwanangu mpira mwaka wa mtihani. Alama zake hazikupanda, na usiku alikuwa halali vizuri. Mdogo wake sikumkataza.

*Mwalimu, Kapchorwa:*
Huku kwetu mlimani watu wengi hudhani kwamba faida ya mbio ni medali tu, hasa tangu 2021, Joshua Cheptegei aliposhinda mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Peruth Chemutai akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akiwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Nawaheshimu sana, lakini wanafunzi wangu karibu wote hawatafika huko, nami sioni kwamba wanapoteza muda. Ninaye msichana ambaye hajawahi kushinda hata mara moja. Huandika muda wake wa kila wiki nyuma ya daftari, akatoa wa wiki iliyopita katika wa wiki hii, na anapozidiwa na sekunde mbili huja kuniuliza alikosea kwenye mzunguko gani. Mwezi uliopita alianza kuniuliza hivyohivyo kuhusu majaribio ya sayansi: amekosea swali gani, na kwa nini.