Ushauri: albamu ya gitaa pekee, muziki wa Hispania na Amerika ya Kusini

GumbaTu: Wakuu, nataka kurekodi vipande vinane kwa gitaa la nailoni: Asturias (Albéniz), Recuerdos de la Alhambra na Capricho árabe (Tárrega), La Catedral na Un sueño en la floresta (Barrios), Preludio 1, 3 na 4 (Villa-Lobos). Maiki ninazo mbili za kondensa, chumba kina zulia na dari fupi. Niziweke wapi, na nianze na kipi?

Freti12: Maiki usizielekeze kwenye tundu la gitaa. Hewa ya ndani ya gitaa huvuma karibu na hezi 100, hivyo noti za Sol na La za chini zitazidi noti nyingine. Moja ielekee freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya shingoni), nyingine daraja (nyuzi zinapofungwa), umbali wa sentimita 70 hadi 90. Zulia ondoa: linanyonya sauti za juu, besi inabaki. Rekodi kwa biti 24, kilele cha sauti kisivuke desibeli -12.

ReYaChini: Kurekodi, fuata tuni (nyuzi zilivyokazwa). Maliza kwanza vya tuni ya kawaida, kisha Capricho (uzi wa sita unashushwa hadi Re), mwisho Un sueño (wa sita Re, wa tano Sol). Uzi ulioshushwa hupanda tena taratibu, kwa hiyo kagua tuni kila unaporudia. Un sueño inataka freti ya 20, kwa noti ya Do ya juu, na magitaa mengi huishia 19. Kama lako ni hivyo, acha kipande hicho. Kushusha ile Do oktava nzima kunaua kilele chake. Nyuzi mpya zipe siku 2 au 3 zitulie.

GumbaTu: Shukrani. Tremolo (kurudia noti moja haraka kwa vidole) ya Recuerdos inachechemea, hasa uzi wa pili.

Freti12: Kidole cha pete kinagusa uzi wa kwanza. Punguza mzunguko wa vidole, linganisha kucha, piga polepole kwa noti fupi zilizokatwa.

NotaSafi: Hakimiliki, mkuu. Villa-Lobos alifariki 1959. Penye sheria ya miaka 70 baada ya kifo analindwa hadi mwisho wa 2029. Albéniz (1909) yuko huru, ila Asturias ni ya piano, na mpangilio wa gitaa wa Segovia, mpiga gitaa aliyefariki 1987, bado una mwenyewe. Panga wako kutoka nota za piano.

ReYaChini: Na kwa gitaa Asturias, Preludio 1 na 4 zote ziko ufunguo wa Mi mainori. Kwenye albamu usizifuatanishe, katikati tia Un sueño, ndiyo pekee ya Sol mejari.