Ushauri: nashuka Dar na watoto watatu likizo ya Juni, makumbusho gani hayatawachosha?

MamaWatatu

Habari zenu wakuu. Mimi ni mkazi wa Dodoma. Likizo hii tunashuka Dar kwa SGR, mimi na wanangu watatu, tutafikia kwa mdogo wangu Sinza na tutakaa siku nne. Watoto Dar wanayoijua ni ya bahari tu. Nikitaja makumbusho wananiangalia kama nimetaja sindano.

Mkubwa ana miaka 11, yuko darasa la tano. Amesoma habari za zamadamu shuleni, halafu ana ugonjwa wa dinosaria, daftari zima kawachora. Wa kati ana 7, huyo ni ngoma na kukimbia, hatulii. Wa mwisho ana 3, kazi yake kubebwa.

Mwaka jana niliwapeleka sehemu moja ya kihistoria, sitaitaja. Kijana aliyetutembeza alisoma vibao vyote mwanzo mwisho, kwa Kiingereza, saa nzima. Wa mwisho akalala mgongoni, wa kati akapitisha mkono chini ya kamba tukafokewa mbele za watu. Nilirudi nyumbani nimeapa. Sasa nimelegeza kiapo, ila naomba mwenye uzoefu wa kwenda NA WATOTO aniambie nianzie wapi. Siombi orodha ya vivutio, hiyo ninayo.

Bajaji Nyekundu

Dada, kabla ya yote. Ukipanda bajaji hapo Sinza ukasema "nipeleke Makumbusho", utashushwa stendi, katikati ya makonda na wauza chaja. Jina hilo moja lina wenyewe watatu hapa mjini:

Stendi ya daladala ya Makumbusho. Huko hakuna cha kumbukumbu zaidi ya kuibiwa simu.
Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, barabara ya Bagamoyo. Hakiko mbali na hiyo stendi.
Makumbusho ya Taifa, mjini kabisa, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea.

Mwambie dereva "Kijijini, kwenye nyumba za makabila". Hapo ataelewa.

Shangazi wa Tabata

Anza na Kijiji mwanangu, wala usijiulize mara mbili. Ni uwanja wa wazi, miti, na nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Mtoto anaingia ndani, anatoka, anazunguka nyuma, hakuna kabati la kioo la kumfokea. Mimi nilikwenda na wajukuu wanne. Yule mtundu kuliko wote alifika kwenye msonge wa Kihaya, ule ulioezekwa nyasi mpaka chini, akainama mlangoni, akaingia, kimya. Nikasubiri. Nikaita. Akajibu kutoka gizani, "Bibi, huku ndani kuna baridi." Ilikuwa saa saba mchana ya Dar, sisi nje tunachuruzika jasho! Huyo mtoto hakuhitaji kusomewa kibao kuelewa kwa nini wazee walijenga vile.

Na ninyi ni watu wa Dodoma, watafute tembe ya Wagogo. Usiwaambie ni ya nani. Waache waseme wenyewe.

Nenda Jumamosi au Jumapili alasiri, ndipo ngoma zinapopigwa, ila uliza siku hiyohiyo kama wachezaji watakuwepo. Huyo wako wa kati atakushukuru. Beba maji, kofia, na dawa ya mbu kwa ajili ya huyo wa kubebwa.

Mjomba Mbishi

Mtoto wa miaka mitatu makumbusho ya nini? Ni kumtesa yeye na mama yake. Wapeleke Coco wale mihogo, wacheze mchanga. Historia watasoma wakikua.

Shangazi wa Tabata

Mjomba, na wewe ulisubiri ukue ndio usome?

Mjomba Mbishi

Ndiyo maana nina amani.

Tarishi wa Posta

Nimefanya kazi mitaa ya Shaaban Robert miaka mingi, wanangu wamekulia kwenye ile bustani. Makumbusho ya Taifa yanamfaa mkubwa wako kabisa. Jengo la mwanzo lilifunguliwa 1940, likiitwa kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Sehemu ya chimbuko la binadamu ndiyo ya kukaa nayo. Kuna habari za lile fuvu la Zinjanthropus lililookotwa na Dk. Leakey kule Olduvai 1959, la miaka kama milioni 1.75. Halafu nyayo za Laetoli. Ni nakala, zenyewe zimefukiwa kulekule Ngorongoro zisiharibike, ila nakala inatosha. Mwanangu alivua kandambili akasimama pembeni, akawa anapima kwa macho mguu wake na wa yule aliyepita kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Akaniuliza, "Baba, walikuwa wanakwenda wapi?" Mpaka leo sina jibu.

Wadogo wapeleke kwenye magari. Kuna Rolls-Royce waliyotumia magavana wa Kiingereza, baadaye ikamtumikia Mwalimu. Watoto hawabanduki pale.

Jambo moja ujiandae. Kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Mkubwa atauliza. Mimi nilijibu kifupi na kweli: watu wabaya walilipua bomu, watu wasio na hatia wakafa, hapa tunawakumbuka. Akaridhika. Nilikuwa nimejiandaa hotuba nzima.

Fundi Kalamu

Marekebisho kidogo kwa Tarishi. Aliyeliona lile fuvu ni Mary Leakey, si mumewe. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini anaumwa, mama akatoka peke yake na mbwa wake, ndipo akaona meno yanachungulia kwenye udongo. Nyayo za Laetoli, 1978, nazo ni za timu yake huyohuyo mama. Mwambie kijana wako hivyo, na yule binti asikie.

Tarishi wa Posta

Nimepokea. Shuleni tuliambiwa Dk. Leakey, tukanyamaza.

MamaWatatu

Mbona sikuwaambia kama kuna binti 😄 Ila ni kweli, wa kati ni binti, na atasikia. Asanteni sana. Je, vyote viwili siku moja inawezekana? Na dinosaria je? Ameshaniuliza mara kumi.

Kaka wa Kigamboni

Siku moja usijaribu. Foleni ya barabara ya Bagamoyo itakumaliza kabla ya watoto. Kijiji siku yake, mjini siku yake.

Siku ya mjini fanya hivi: bajaji mpaka Shekilango, mwendokasi wa Kivukoni, baada ya saa tatu asubuhi ukiwa umeshapisha wanaokwenda kazini. Mnaingia Makumbusho ya Taifa mkiwa bado na nguvu, saa moja na nusu, basi. USIMALIZE VYUMBA VYOTE. Mtoto akianza kukaa chini sakafuni, ondoka, hata kama kiingilio kinakuuma. Kitambulisho chako kiwe mkononi, maana Mtanzania halipi sawa na mgeni.

Mkitoka, kama miguu ipo, pitieni sanamu ya Askari pale Samora, ya tangu 1927. Bure. Inawakumbuka askari na wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, na maandishi yake yana Kiswahili cha herufi za Kiarabu pia. Mkubwa ataduwaa kuona Kiswahili asichoweza kukisoma. Kisha Feri, pantoni, mvuke Kigamboni na kurudi. Kwa mtoto wa miaka mitatu makumbusho yote ya dunia hayafiki pantoni.

Binti Lindi

Kuhusu dinosaria, usimdanganye mwanao kwamba dinosaria wetu mkubwa atamkuta Dar. Yuko Berlin, na mimi naishi hukuhuku. Alichimbwa kwetu, Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, enzi za Mjerumani. Vibarua wa kwetu kwa mamia ndio waliochimba, na mifupa ikabebwa kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Tani zaidi ya 200. Sasa amesimama kwenye ukumbi wa makumbusho ya viumbe, kichwa kiko zaidi ya mita 13 juu. Zamani wakimwita Brachiosaurus, siku hizi Giraffatitan, twiga jitu.

Wanangu wakienda na shule wanawatambia wenzao, "Huyu ni wa kijijini kwa bibi." Mwalimu alinipigia kuuliza kama ni kweli. Nikamwambia soma kibao.

Mpe mwanao hiyo habari kabla ya safari, kisha aulize mwenyewe akifika. Maswali ya mtoto huwaamsha wale waongozaji kuliko ya mtu mzima.

Pwani Raha

Bagamoyo pia mnaisahau! Kaole, magofu ya msikiti wa karne ya 13, Caravan Serai, kituo cha misafara ya zamani...

Kaka wa Kigamboni

Na wa miaka mitatu mgongoni, juani, kwenye magofu? Hiyo ni safari ya siku nzima, mwachie mwakani.

Mzaliwa wa Malindi, Unguja

Kuna mtu lazima atamwambia avuke Zanzibar aone Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Mama, usiwaahidi watoto. Sehemu ya jengo iliporomoka Disemba 2020.

MamaWatatu (wiki tatu baadaye)

Nimerudi wakuu, niliahidi mrejesho.

Kijiji kimeshinda. Tulifika Jumamosi, Shangazi, nikafanya ulivyosema, sikusema kitu. Tukafika kwenye tembe. Wa kati akasimama, akaangalia lile paa la udongo lililolala, akasema, "Mama, hii si ya bibi Kongwa? Wameileta na nini?" Mkubwa akacheka mpaka akakaa chini. Alasiri ngoma zikapigwa, binti akavutwa katikati acheze, nguo ya kwenda mjini ikaisha kazi siku hiyohiyo. Wa mwisho kati ya nyumba zote zile alichoona ni kuku.

Makumbusho ya Taifa tulikaa saa moja tu. Mkubwa alipima mguu kwenye nyayo. Halafu akamuuliza dada aliyekuwa anatutembeza, "Yule twiga jitu wetu atarudi lini?" Dada wa watu akaweka karatasi zake pembeni, akaanza kumsimulia Tendaguru kwa Kiswahili, wamesimama wawili kama wazee kwenye kahawa. Sikuwaingilia. Nilikwenda na wadogo kwenye magari.

Mjomba Mbishi, nakupa nusu: wa mwisho akiulizwa Dar kulikuwa na nini anajibu "pantoni".

Bajaji Nyekundu, dereva nilimwambia neno kwa neno kama ulivyoandika. "Kijijini, kwenye nyumba za makabila." Akaitikia vizuri kabisa, "Sawa mama, napajua."

Akatushusha stendi.