Mafundi wa kompyuta wa Lubumbashi, kuformata ndiyo dawa yenu ya kila kitu?

Bandugu, nina hasira na sitaificha. Jina la duka silitaji. Wenye tabia hii hapa mjini ni wengi, watajijua wenyewe.

Kompyuta ni ya papa. Papa ni deklarani wa forodha, maisha yake ni malori ya mpakani Kasumbalesa. Fakitire, manifesti, barua za wateja wa Ndola na Kitwe kule Zambia, vyote vinapita kwenye anwani yake ya Hotmail, naye anaisomea ndani ya Outlook ya 2007, programu ya barua pepe, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Siku moja Outlook ikaanza kumdai nenosiri. Anaandika, kidirisha kinajifunga, kinarudi. Anaandika tena, kinarudi. Akabeba mashine mpaka dukani.

Fundi hakuuliza hata swali moja. "Papa, hii ni virusi, tunaiformata. Unalipa kwanza."

Kuformata ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya. Kwa virusi gani? Tarehe 16 Septemba 2024 Microsoft ilizifungia anwani za Hotmail na Outlook.com ile njia ya zamani ambayo programu ilikuwa inaingia kwa jina na nenosiri tu. Sasa programu lazima ikufungulie ukurasa wa Microsoft wenyewe, uingilie hapo, ndipo ipewe kibali. Outlook ya 2007 haijui mambo hayo na haitayajua. Itakudai nenosiri mpaka kiama, hata ukiandika lililo sahihi.

Na kuligundua hilo hakuhitaji diploma. Fungua barua zilezile kwenye simu, kwa Chrome, uweke nenosiri lilelile. Likikubali, anwani ni nzima na nenosiri ni zima, shida ni programu. Ni mega chache tu! Nilijaribu nyumbani Katuba, zikafunguka palepale. Lakini diski ilikuwa imeshafutwa.

Hapo ndipo damu inanichemka. Outlook ya 2007 inaweka kila kitu kwenye faili za .pst, na faili hizo zinakaa ndani ya AppData, folda iliyofichwa, ambayo huioni mpaka uamuru Windows ikuonyeshe. Fundi akakopi picha za ubatizo na miziki iliyokuwa Desktop, akasema "nimesevu vyote, papa". Vyote vipi? Anwani za wateja zimekwenda, maana ukitumia POP, ile njia ya kushusha barua kwenye mashine, hizo hazipandi kwenye seva, zinabaki kwenye mashine yako tu. Barua za zamani ambazo programu ilikuwa inazihamishia archive.pst, nazo zimekwenda. Mteja akipiga simu kuuliza karatasi za lori la miaka ya nyuma, mzee anaanza kubabaika. Aibu ni ya nani?

Bado sijamaliza. Kibodi yetu ni AZERTY, ile ya Kifaransa, kama za wengi hapa. Yule bwana akaweka Windows na kibodi ya Kiingereza, akaiacha hivyo. Papa akibonyeza A inatoka Q, Z inatoka W, M inatoka nukta mkato. Kwenye nenosiri unaona vidoti tu, utajulia wapi? Aliporudi kulalamika wakamwambia nenosiri lake ni baya, alibadilishe. Na mkitaka kucheka, programu waliyomrudishia ni Outlook ya 2007 ileile. Kidirisha kikarudi vilevile.

Mafundi wazuri wapo, nawajua wawili watatu, ila hao wana foleni.

Kwa sasa papa anasomea barua kwenye mashine yangu. Nimemwekea Thunderbird, programu nyingine ya barua, ni ya bure, nikachagua IMAP (barua zinabaki kwenye seva) na OAuth2 (ndiyo ile njia mpya ya kibali), ukurasa wa Microsoft ukafunguka, akaingia. Barua mpya zinafika.

Ninachotafuta ni zile .pst. Mashine ya papa nimeizima na siiwashi tena, kwa sababu kila kinachoandikwa juu ya diski kinaweza kufunika kilichobaki chini. Diski ni ile ya kuzunguka, si SSD ambayo ikifutwa ni vigumu kurudisha kitu, kwa hiyo bado nina tumaini kidogo. Nimesoma kwamba PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, inaweza kuchimbua .pst. Kuna aliyefanya hivyo akapata faili inayofunguka kweli? Na nani hapa Lubumbashi ana kebo ya SATA kwenda USB ya kuazimisha, niichomeke diski hiyo kwenye mashine yangu? Nitaifuata hata komini ya Kamalondo au ya Kenya. Atakayeniambia nirudi kwa yule fundi "tuongee kiungwana", asijichoshe kuandika.