Walimu tupeane uzoefu: siku uliyokwenda kwenye chama chetu cha walimu na shida, ulirudi na nini?

Mwl wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Juzi mwalimu wa ajira mpya hapa kwetu kaniletea salary slip yake ya kwanza, kidole kakibandika kwenye mstari wa makato ya asilimia 2. "Mwalimu, hii fomu niliijaza lini?" Nikacheka, maana swali hilohilo niliuliza mimi 2011. Nikamweleza kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama cha wafanyakazi chenye wanachama wengi kazini kupata ada hata kwa kumkata asiye mwanachama, ndiyo hiyo wanaita ada ya uwakala. Akauliza la pili: "Sasa kinanisaidia nini?" Hapo nikaanza kukohoa.

Habari za Chama cha Walimu Tanzania (CWT) taifa, chaguzi zake, jengo lake la Mwalimu House pale Ilala na ile benki ya walimu, tumezijadili mpaka zimechacha. Leo nataka kisa chako wewe. Majina ya watu na shule tuyaache.

Naanza. Nilikuwa sekondari, Historia na Kiswahili. Mtakumbuka 2017 kuja 2018 serikali iliamua walimu wa sanaa waliozidi sekondari wapelekwe msingi kuziba upungufu. Kwenye karatasi hesabu inakaa vizuri kabisa. Barua nikaipata Ijumaa, Jumatatu niwe nimeripoti, shule iko kilomita 40 na ushee. Posho ya uhamisho? "Fedha hazijaingia, tangulia kwanza." Tulikuwa kumi na mmoja. Tukaenda chamani, katibu akatuambia bila kuzunguka: hili limetoka juu, siwezi kulizuia, msinidanganye na mimi nisiwadanganye. Lakini akatukalisha, tukaandika barua moja ya madai, kila mtu na kiasi chake na umbali wake, akaipeleka halmashauri mwenyewe na akawa anaiulizia kila mwezi. Tulilipwa baada ya mwaka na miezi mitatu. Sera hatukuigusa, tulipata hela ya mizigo.

(Na nikiri kitu: kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kushika penseli ni kazi kuliko Vita vya Kagera kwa kidato cha pili.)

Fulana ya Mei Mosi
Miaka tisa kazini. Kutoka chamani: fulana nne, kofia mbili. Fulana moja ilinitosha. Endeleeni.

Chaki Vumbi
Mkuu, mimi na wewe hatutofautiani sana, ila changu kina uchungu. Mgomo wa 2012. Ulianza Jumatatu tarehe 30 Julai, madai yalikuwa nyongeza ya mshahara asilimia 100, posho ya kufundishia asilimia 55 kwa wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa walio mazingira magumu. Tulikubaliana shule nzima, tena aliyeongea kwa ukali kuliko wote ni mwakilishi wetu wa chama hapo shuleni. Jumatatu tumekaa chini ya mwembe, nageuka, namwona yeye kashika chaki anaingia darasa la sita.

Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikasema mgomo si halali, turudi. Tukarudi. Wiki iliyofuata saba tukapewa barua za kujieleza. Yeye hakupata. Sikufukuzwa, lakini daraja langu lilichelewa na mpaka leo siwezi kuapa kuwa ni kwa sababu ile, wala siwezi kuapa kuwa siyo. Chama ngazi ya taifa kilikwenda mahakamani na mawakili. Mimi barua yangu niliijibu peke yangu kwa taa ya chemli.

Bibi Mstaafu
Wanangu, nimewasoma. Chaki Vumbi, pole baba.

Nyie mnaongelea posho. Mimi nilifundisha Kagera. Februari 2009 Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliagiza polisi wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi kwa sababu matokeo ya darasa la saba yalikuwa mabaya. Walimu watu wazima, wenye watoto wanaosoma palepale! Sikuwa shule zile, lakini wiki ile hata sisi wa mbali tulikuwa tunaingia darasani tumeinamisha vichwa, mtoto anakuangalia unajua anawaza nini. Chama kilipiga kelele, Rais Kikwete akamwondoa yule mkuu wa wilaya. Ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu asibaki mmojammoja. Fulana sikuwahi kuzijali, nilizitumia kudekia.

Mama Uji
Shikamoo Bibi. Nimeona umewataja wakubwa wa wilaya, basi ngoja niseme langu, maana siasa ya shule haiishii wilayani, inashuka mpaka kwenye sufuria.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016, nasi tukafurahi, darasa la kwanza likajaa mpaka watoto wanakaa madirishani. Uji wa shuleni ukafa, kwa sababu wazazi walielewa kwamba bure ni bure. Ukaitishwa mkutano wa wazazi, wakakubali wenyewe: kila kaya debe moja la mahindi na maharage kilo mbili kwa muhula. Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi, nikawa napokea na kuandika kwenye daftari. Januari 2018 likatoka agizo la Rais kuwa walimu wasikusanye michango. Sisi tukasema mahindi siyo hela. Kosa letu hilo.

Kulikuwa na mwanasiasa wa kata aliyekuwa hataki mwalimu mkuu wetu kwa mambo yao ya kiwanja cha shule. Akapata fimbo. Akapeleka malalamiko kwamba tunafukuza watoto wasiotoa. Hatukumfukuza hata mmoja, lakini nani anasikiliza? Nikaandikiwa mashtaka ya nidhamu mimi, siyo mkuu, kwa sababu mwandiko kwenye daftari ulikuwa wangu.

Aliyeniokoa ni mwakilishi wa chama wa wilaya, mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye sikuwahi kumpigia kura. Hakuja na maneno. Aliniuliza: muhtasari wa mkutano wa wazazi uko wapi? Ulisainiwa na nani? Ukapatikana kwa katibu wa kamati ya shule, umekunjwa ndani ya Biblia, na majina ya wazazi 140 na kitu, mmojawapo akiwa shemeji yake huyo mwanasiasa. Siku ya kikao akaniambia, mwalimu usijitetee, soma majina tu. Nikasoma. Nilipofika kwa shemeji, chumba kikanyamaza.

Nilitoka na onyo la maandishi badala ya kufukuzwa kazi. Mpaka nahama, uji ulikuwa haujarudi. Kwa hiyo asilimia 2 mimi silalamiki, ila nasema nimelipia bahati. Wilaya ya pili mwakilishi wao hata simu hapokei.

Mwalimu wa Kilifi
Hamjambo wenzangu wa Tanzania. Huku Kenya kwetu mambo yaligeuka upande wa pili. Nyie mnakatwa mpende msipende, sisi tulifika mahali mwanachama ndiye aliyeadhibiwa.

Mwaka 2015 mahakama iliamua tupewe nyongeza ya mshahara ya asilimia 50 mpaka 60, mwajiri hakulipa, Septemba shule zikafungwa tukagoma wiki tano hivi. Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta nyongeza yenyewe. Ikaja 2018, walimu wakuu wakahamishwa mbali na kwao, ati ukikaa kwenu sana unazoea. Mimi nikatupwa bara, mke wangu na watoto wamebaki Kilifi, naonana nao likizo. KNUT, chama chetu cha walimu, wakaipinga ile sera na ile ya kutathmini walimu, wakaenda mahakamani, na 2019 wakashinda baadhi ya hoja. Ushindi huo ukatugeukia: nyongeza za mkataba wa mishahara wa 2017 zikaenda kwa wasio KNUT. Katika chumba kimoja cha walimu, kazi moja, mishahara miwili. Watu walitoka chamani kwa maelfu.

Nilivumilia hadi 2020. Mtoto alikuwa anaingia sekondari. Nikaandika barua ya kujitoa usiku, asubuhi nikaipeleka kabla wenzangu hawajafika, maana mwenyekiti wa tawi ndiye aliyenifundisha mimi darasa la tano.

Mwl wa Zamu
Mwalimu, hiyo ya mwisho imenikaa kooni. Ulimwambia?

Mwalimu wa Kilifi
Yeye alijitoa wiki mbili baadaye. Hatujawahi kuizungumza.

Ajira Mpya 03
Jamani mimi ndiye mwenye salary slip. Nimesoma zote. Sasa nisaidieni: niliporipoti sikupewa posho ya kujikimu hata siku moja, naambiwa nisubiri. Naanzia wapi?

Mama Uji
Barua kwa mkurugenzi, ipitie kwa mkuu wako wa shule. Nakala tatu: moja chama, moja afisa elimu, moja yako. Yako igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe. Wakikuambia muhuri haupo, kaa kwenye benchi mpaka upatikane.

Ajira Mpya 03
Asante mama. Naenda Jumatano, nina kipindi kimoja tu. Bodaboda kwenda na kurudi ni 8,000, nayo niiandike kwenye madai?

Fulana ya Mei Mosi
Andika. Watakulipa fulana.