MREJESHO: Kufundisha wanaoanza kabisa kufuma kwa sindano mbili

Habari zenu wapendwa. Niliomba ushauri hapa niwaanzishie nini mabinti wa kwetu Njombe ambao hawajawahi kushika sindano za kufumia. Asanteni sana wote mlionijibu.

Nilimfuata dada aliyesema tuache skafu kwanza, tuanze na kitambaa kidogo cha mraba: vitanzi 20, uzi mnene wa rangi nyepesi, sindano za milimita 5, na kufuma kwa mbele tu (kitanzi cha kawaida cha msingi) kila mstari. Imefanya kazi vizuri mno! Uzi mweupe unaonyesha kila kitanzi, kwa hiyo binti anaona mwenyewe palipoharibika. Mstari wa kwanza niliwaanzishia mimi, wao wakajifunza baadaye mikono ilipozoea. Kuhesabu vitanzi kila mwisho wa mstari nako kumeokoa vitambaa vingi, maana wengi walikuwa wanaongeza kitanzi pembeni bila kujua.

Baada ya vitambaa tukaenda kwenye bendi za kichwa; wamemaliza wote, na kwa baridi ya huku wanazivaa kweli.

Kofia ya kuzungusha, ile inayofumwa kwa mduara bila mshono, ndiyo imegoma. Kupokezana kitanzi cha mbele na cha nyuma kuliwachanganya, wengine wakakata tamaa, nikasitisha. Badala yake tumefuma kipande cha mstatili, tukakishona ubavuni na kukikusanya juu kwa uzi. Inakaa vizuri kichwani.

Wanaotumia mkono wa kushoto bado wanahangaika. Kukaa nao uso kwa uso, ili waniige kama kwenye kioo, kumesaidia kiasi tu.